Karibu ya Baba

Mbwemkuru, Ruangwa,
Jimbo la Kusini.
8 Juni 1952

Kaka yangu Severini,

Tumsifu Yesu Kristo. Pokea salamu za huku nyumbani, za kwangu na za majirani wote wanaokuulizia. Hujambo? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua kwa vumbi la mkonge, kimepoa? Sisi tupo. Siwezi kukuandikia kwamba hatujambo, maana nitakuwa nadanganya na wewe utajua. Mvua zimekatika, mahindi tumevuna kidogo, mtama ndio kwanza unakomaa. Baba anaamka, anakula, analala. Habari zake nitakupa, lakini si sasa.

Barua yako niliipata misheni baada ya misa. Niliisoma, nikaikunja, nikaifungua tena, nikakasirika. Umeniuliza nilikuwa na akili gani hata nikamkabidhi mdogo wetu kipofu kwa mbwa. Haya, umesema, na haki ya kusema unayo, kwa kuwa kwenye simu ya maandishi ulipata maneno machache tu, kwamba Kipriani amekufa maji. Sasa nisikilize na mimi.

Unakumbuka nilikuwa yaya wa yule mama wa Kizungu kule Nachingwea, wakati wa lile shamba kubwa la karanga la Wazungu. Huyo mama alikuwa na ndugu yake aliyepofuka vitani, na huko kwao anatembezwa na mbwa aliyefundishwa, anakwenda sokoni, anapanda treni. Nilipomweleza habari za Kipriani, jinsi ndui ilivyomharibia macho akiwa mdogo, akaniambia na yeye anaweza kutembea hivyo. Nilidhani ananitania. Kumbe alikuwa na mbwa kijana, Jimi, mweusi, mpole, na akaanza kumfundisha mbele yangu. Jioni nilijifunga kanga machoni, nikashika mkono wa mti uliofungwa kwenye mshipi wa ngozi aliovishwa mbwa, tukazunguka nyuma ya nyumba zao. Wapishi na madobi walinicheka mpaka basi, wakasema yaya karanga zimempanda kichwani. Shamba lilipokufa na Wazungu wakafunga mizigo, mama yule akaniachia Jimi na mshipi wake.

Si kwamba nilitaka Uzungu, kaka. Wewe uliondoka Kipriani angali mtoto. Hukumwona alivyokuwa mtu mzima mwenye ndevu, amekaa kizingitini anangoja watoto wa jirani wachoke kucheza ndipo wamshikie fimbo wamvute. Alichukia. Tena alimpenda Lusiana wa Nandagala, na baba yake Lusiana alikwisha sema hampi binti yake mtu anayevutwa kwa fimbo. Basi Kipriani alitaka jambo moja tu, afike Nandagala kwa miguu yake na apige hodi mwenyewe.

Jimi alijifunza haraka. Akikuta shimo husimama, akikuta kisiki huzunguka, na ule ulalo wetu wa gogo pale mtoni alimvusha Kipriani polepole kama mtu anayemvusha mama mkwe. Shida ilikuwa nyumba za watu. Aliogopa kuku, vinu, mafiga, watoto wanaotambaa. Kipriani akipiga hodi, mbwa alikwama uani, na mwenziwe amesimama juani hajui mlango uko wapi. Hapo nikabuni la kwangu, ambalo yule mama hakunifundisha, kwa sababu kwao mtu haitwi ovyo ovyo kama kwetu. Nilimfundisha Jimi neno karibu. Akilisikia, aende moja kwa moja kwenye sauti, na akifika aketi mbele ya mwenye sauti. Nilimzawadia vipande vya samaki mkavu, na nilikazania neno hilo kuliko yote, mpaka likawa na nguvu kuliko woga wake. Nilijiona fundi kweli kweli.

Jirani yetu Bwana Awadhi ndiye aliyelionja kwanza. Unamjua na dini yake, hataki pua ya mbwa ndani kwake. Siku moja alisema karibu akiwa chumbani, Jimi akamfikisha Kipriani mpaka kwenye mkeka wa sala, na mke wa Awadhi akashinda anafua. Tangu hapo Awadhi akimsikia Kipriani hutoka nje kumpokea, akimlalamikia kwamba amemnyang'anya karibu yake. Kipriani alicheka hadi akakaa chini. Nataka nimkumbuke hivyo, lakini kila nikijaribu namwona alivyotolewa mtoni.

Kabla ya Kwaresima alikwenda Nandagala, yeye na Jimi, akapiga hodi. Baba yake Lusiana akampa kiti, wakaongea, akamwambia arudi baada ya Pasaka na mshenga. Kipriani akataka Baba alisikie neno hilo kutoka kinywani mwake. Lakini Baba alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye dungu, analinda mpunga wetu usiliwe na nguruwe. Msimu mzima alishinda huko, naye hakumjali Jimi hata kidogo, akimwita mgeni wa Dionisia. Mafunzo yangu yote hakuyaona wala hakuyauliza.

Mto ulikuwa umejaa. Nilikuwa natwanga, nikamwambia Kipriani ulalo uko juu ya maji, na Jimi anaujua. Akaenda.

Yaliyofuata ameyasimulia Baba mwenyewe, kwa kila aliyekuja matangani kutupa pole. Alikuwa anakula chini ya dungu. Akamwona Kipriani ng'ambo ya pili anakuja na njia ya ulalo. Akamwita, kama mtu yeyote anavyomwita mwenziwe akiwa anakula: "Karibu, mwanangu, karibu chakula." Mara mbwa akaacha njia, akashika kuelekea majini, na Kipriani akamfuata bila kusita. Ukingo ukameguka chini yao. Kipriani hakuonekana tena mpaka kesho yake. Mbwa ndiye aliyetokea upande wa Baba, maji yanamchuruzika, akaja akaketi mbele yake.

Baba akifika hapo huuliza ni mbwa gani huyu, anaua mtu kisha anakuja kuomba tonge. Wengine walisema ni shetani. Wengine walinong'ona kwamba Kipriani alijichokea, akajitosa. Mimi nilikuwa nimekaa na wanawake, nikasikia lile neno moja, nikaelewa yote.

Neno hilo nikalificha. Waliposema Dionisia ndiye aliyemleta mbwa, nikakubali. Mama yake Lusiana alinitukana mbele za watu, nikakubali. Baba akaacha kunisemesha, nikaona afadhali. Barua yako nayo ingekuwa hivyo hivyo, ningekujibu kwamba nimekosa, yakaisha. Lakini mambo hayakuishia hapo, na hakuna mwingine ninayeweza kumwambia.

Mpunga ulipovunwa Baba alirudi nyumbani, na yeye hula barazani, na anakaribisha kila apitaye. Nilimfunga Jimi nyuma ya nyumba kwa kamba fupi. Kila wakati wa chakula nilisikia kamba inakazika. Mwishowe nikamwomba Bwana Awadhi amchukue, amlindie shamba lake la mbali. Akaja mchana, akamfungua, akapita naye mbele. Baba alikuwa anakula. Akamkaribisha Awadhi. Jimi akamvuta Awadhi na kamba yake, akaenda moja kwa moja, akaketi mbele ya Baba.

Bwana Awadhi hakuwa na nia mbaya. Alicheka kidogo kwa huzuni, akasema: "Masikini, bado anakumbuka kazi yake. Akisikia karibu, lazima aende."

Baba alikuwa na tonge mkononi. Akalirudisha kwenye sahani. Akamtazama mbwa, kisha akanawa mkono, akaingia ndani.

Tangu siku hiyo hajasema neno hilo kwa mtu yeyote. Anakula chumbani, mlango umefungwa. Akipita mtu akamkuta nje na chakula, anainama kimya, na mgeni anapita zake kwa aibu. Hapa kijijini wameanza kusema Mzee Eusebio amekuwa mchoyo uzeeni. Yeye hajaniambia kwamba anajua, nami sijamwambia kwamba nilijua. Tunaishi hivyo, kaka, nyumba moja, na sioni itakwisha vipi. Nimesali mpaka maneno yameniishia.

Usimwandikie lolote juu ya jambo hili. Wasalimie wenzako wote wa kambini, na ujitunze kifua. Bwana Awadhi na watu wa nyumbani kwake wanakusalimu. Na siku utakayopewa ruhusa ukaja, ukamkuta Baba anakula, usingoje akukaribishe. Nawa tu, ukae, ule naye.

Ni mimi dada yako,
Dionisia Eusebio