Mama Alikuwa Benchi la Tatu

Timoth, nimejiaibisha. Sijui nitarudije darasani pale chuo cha Biblia.

Yale mahubiri ya yule mchungaji wa mtandaoni niliyokuonyesha juzi, leo nimeyahubiri hapa kanisani Makambako nilikotumwa kwa mazoezi, neno kwa neno. Hata mfano wake sikuubadilisha.

Ule wa, "Mama yangu alipofariki, nilikuta Biblia yake chini ya mto."

Nimesema hivyohivyo. Mama yangu. Alipofariki. Halafu nikanyamaza kidogo, kama mwalimu alivyotufundisha.

Kumbe mama yupo benchi la tatu. Alitoka Ipelele jana, akalala kwa shangazi Njombe, aje kunisikiliza bila kuniambia. Nimemwona nikiwa nimeshatamka. Ananitazama tu.

Kina mama wa benchi la mbele wanafuta machozi, Timoth. Wanamlilia mtu aliyekaa nyuma yao.

Tulipotoka nje kwa mnada wa sadaka, kununua mazao waliyotoa waumini, mzee wa kanisa akanishika mkono. "Pole kwa msiba, mwinjilisti." Mama kasimama hapo hapo pembeni yangu.

Nikajibu asante. Unaelewa? Nilisema asante. Nilishindwa kusema mama ndiye huyu.

Na mwalimu alituambia mfano utoke kwenye maisha yako mwenyewe.

Mama hakuniumbua mbele za watu. Alisubiri tufike hapa ninapokaa, akamenya viazi alivyoniletea, ndipo akaniuliza taratibu bila kuinua macho:

"Mwanangu, siku nikifa kweli, utawaambia nini?"