Daktari, Usiniachie Akiba

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Najua huko uliko umeitika marahaba, halafu ukauliza nimekula nini. Nimekula vizuri. Nimepona pia, ndiyo maana nakuandikia.

Unakumbuka gauni la komunio yangu ya kwanza, kule Usinge? Ulikuwa fundi cherehani hodari, ila kukata kitambaa cha ziada hukuweza. Kila mshono uliuachia akiba, eti nitanenepa. Akiba ya makwapani ilinikwaruza hadi nikaenda altareni mikono imetanuka kama kuku aliyezidiwa na jua. Nilipolalamika ukasema, "Akiba haiozi."

Basi mwaka huu, hapa Tabora, saratani iliponilazimu kuondolewa matiti yote mawili, daktari mpasuaji aliniambia kwa upole kwamba ataniachia ngozi kidogo, nisije nikabadili mawazo nikataka kutengenezewa mengine. Kisha akasema maneno yako yaleyale, kwamba akiba haiozi. Mama, nusura nikubali, maana nilikusikia wewe. Lakini niliogopa kuamka na mikunjo ya ngozi inayoning'inia, ya kunikumbusha kila siku kilichoondoka.

Nikamwambia, "Daktari, usiniachie akiba. Nataka kifua bapa, laini, basi."

Akakubali. Alinichora kwa kalamu nikiwa nimesimama, kwa kuwa mtu akilala ngozi hudanganya. Nawe hukuwa ukimpima mtu aliyekaa. Akanieleza kwamba atarefusha mkato hadi karibu na makwapa ili ngozi yote ya ziada itoke, asawazishe mafuta ya chini ya ngozi yasiache kingo kama ngazi, ndipo ashone. Nilirudi nyumbani na mirija miwili ya kutolea maji ya jeraha, na maumivu ambayo sitaki kuyasimulia.

Sasa makovu yametulia. Nikioga, kiganja kinateleza toka upande huu hadi ule bila kukwama popote. Zipo siku nayalilia matiti yangu, sikufichi. Siku nyingi nimeridhika.

Jumamosi nilikwenda kupimwa gauni la Pasaka. Fundi, mama wa makamo, alipofika kifuani alisita na futi yake mkononi, akauliza kwa aibu kama aweke sponji.

"Hapana, dada," nikamwambia. "Andika namba uliyoiona."

Akaandika.

Pumzika, Mama. Mwanao ni mzima, na nguo inamkaa.

Kitindamimba wako