Miche Yangu Katika Kundi la Majembe

Jumatano, Nyacheki. Mvua imeanza saa nane na bado inachapa mabati. Roho yangu pia haijatulia.

Nimekasirika. Nikidanganya hapa, ukweli nitauandika wapi?

Leo nimemwona Moraa akipita na mkokoteni wa miche ya ndizi, akiwapelekea akina mama wa egesangio, kile kikundi chetu cha kulimiana mashamba kwa zamu. Moraa si wa hapa hata, ameolewa tu kutoka Nyamache. Nami nina miche ya kuuza kitaluni, mizizi imeshatoboa mifuko, na akina mama hao hao nimewatumia picha kila asubuhi kwa miezi miwili kwenye kundi lao la simu. Hakuna aliyejibu.

Nimewatukana kimoyomoyo. Nimewaita washamba, wenye wivu.

Kisha nikafungua lile kundi nikasoma kuanzia juu, jambo ambalo sijawahi kulifanya.

Waliniingiza kundini ili nishike zamu ya mama yangu, maana mgongo umemkataza kuinama. Walikuwa wakitaka jembe langu. Mwezi uliopita walikuja wakatupalilia shamba lote, na mimi nilikuwa kitaluni nikipiga picha.

Moraa je? Ujumbe wake ni wa kuuliza tu. Mtoto amepona? Kesho tunalima kwa nani? Miche hakuitaja hata mara moja, mpaka mama mmoja alipokwenda kulima kwake, akaiona migomba yake, akamwuliza aliitoa wapi.

Halafu nikafika kwenye ujumbe wa Jumapili. Mama Kerubo aliandika kwamba mumewe amelazwa na shamba limemshinda. Chini yake, dakika ile ile, kuna picha ya miche yangu na maneno yangu: "Usiachwe nyuma, agiza leo."

Alinijibu. "Asante mtoto wangu. Sasa hiyo ndizi nitapanda wapi na nyasi imefika kiuno?"

Siku tatu jibu hilo limekaa pale mbele ya wote, na mimi sikuliona kwa sababu huwa natuma tu. Nimeona haya mpaka nikazima simu.

Kesho wanalima kwake. Hakuna aliyeniita, na hawana haja ya kuniita, kwa sababu zamu ya mama ya kulima sasa ni yangu. Jembe la mama nimeshalitoa nyuma ya mlango. Nilikuwa pia nimetia miche miwili kikapuni, eti zawadi, huku nikijua kabisa kwamba picha ya zawadi hiyo ingeingia kundini kabla ya saa sita.

Nimeirudisha kitaluni.

Sijui kama naenda kwa ajili ya Mama Kerubo au kwa ajili ya hiyo miche. Ninachojua ni kwamba kesho atanipokea kwa upole ule ule, nami nitasimama mbele yake bila kitu cha kumwuzia.

Nitaanza kwa kusema nini?