Kikongwe Kimesikia

Al Khoudh, Muscat

Mama mpendwa,

Bwana asifiwe. Mguu unaendeleaje tangu ulipoanguka? Huku mwili wangu hauna neno, ila moyo una aibu, na sababu yake nataka uisikie kwangu kabla Musyoka hajaja likizo akakusimulia.

Unajua natunza bustani ya familia ya Waomani. Mama mzazi wa tajiri ni mzee sana. Kila siku huniagiza kwa Kiarabu, nami namjibu kwa kichwa tu. Majuzi alitaka taa kwenye njia anayopita alfajiri kwenda bombani kutawadha. Mwanawe akasema wachimbe wapitishe waya wa stima, mama akakataa katakata. Ndipo nikaambiwa nitengeneze taa ya jua. Nikatoa paneli kwenye taa mbovu, nikatafuta betri za kuchaji na balbu ndogo, nikavitia vyote ndani ya chupa ya jamu.

Jioni ikawaka, ikazimika, ikawaka, ikazimika. Musyoka, anayefanya kazi nyumba ya pili, akacheka hadi akakaa chini. Nikaudhika, nikasema kwa sauti, tena kwa Kiswahili chetu, "Hiki kikongwe ni kichoyo. Kinakaa kwenye marumaru, na kinataka taa ya chupa."

Nyuma yetu mtu akasema, "Kikongwe kimesikia."

Mama, yule bibi amezaliwa Unguja. Kiswahili chake kinapita changu mbali. Wala hakugomba. "Sikukataa waya kwa uchoyo, mwanangu," akasema. "Wangechimba wangeukata mizizi muasumini wangu, na nnao toka mume wangu yu hai." Akaondoka na mkongojo wake.

Sikuogopa sana kufukuzwa kazi. Niliona kama ni wewe umesimama pale unanisikia, wewe uliyenichapa siku ile nilipomwita nyanya wa jirani kizee.

Siku mbili sikuthubutu kumtazama. Ya tatu nikagundua kosa: balbu ilikuwa inamulika paneli yake yenyewe. Paneli ikidhani kumekucha, inazima taa. Giza likirudi, inaiwasha tena. Nikaibandika paneli juu ya kifuniko, ikitazama juu, na taa ikatulia. Nikampelekea nikisema, "Bibi, nisamehe."

"Nshakusamehe zamani," akasema. Akaenda hadi bombani akarudi, polepole, akiangalia miguu yake. Kisha akaniuliza, "Na mama'ko, njia yake ina taa?"

Uliniandikia kwamba ulianguka gizani ukienda chooni, nami nikakujibu pole, halafu nikajaza karatasi nzima habari za joto la huku. Sikufikiria hata kidogo kwamba mimi ninayewashia wengine ningeweza kukuwashia na wewe.

Nimekutengenezea taa ya chupa kama ile, Musyoka atakuletea ikiwa ndani ya sweta yangu. Akupe hiyo kwanza, ndipo aanze kunicheka. Ianike juani mchana kutwa, kisha iweke kwenye ile njia.

Nisalimie dada anayekukamulia ng'ombe, na mjomba anayesaga unga posho mill. Na nyanya wa jirani, kama bado yupo, mwambie naomba msamaha. Akiuliza wa nini, mwambie.

Ni mimi mwanao, niliyechelewa kuuliza,
Mutua