Dirisha Linalozama Sakafuni

Brno, Jumatano

Dada Vlasta,

Mgongo unauma kidogo tu, usihangaike. Jana nilirudi kwenye lile jumba la Vila Tugendhat. Siku hizi ni makumbusho, si tena hospitali yetu sisi watoto wa migongo iliyopinda. Nikauegemea ule ukuta wa jiwe la rangi ya asali. Binti anayetembeza wageni akafoka, "Bibi, hauguswi huo!"

"Mgongo huu ulinyooshwa hapahapa kabla mama yako hajazaliwa!"

Akacheka, akalishusha lile dirisha kubwa likazama sakafuni. Nikakutafuta kule chini bustanini, ulikokuwa ukinirushia mkate wa jemu nami naudaka.

Tangu tumzike Mama hatujasemeshana. Jumapili mkate nitaurusha mimi, binti afoke asifoke. Wewe simama palepale, udake.

Mdogo wako,
Drahuška