Wifi Hulisalimia Ini Lake Kwanza, Mwanangu Baadaye

MaShezi mpendwa, nakuandikia nikiwa na aibu na hasira kwa pamoja, naomba unisome mpaka mwisho ndipo unitukane. Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Lwandle, wa miaka minne, aliyezaliwa na njia za nyongo zilizoziba, akawa wa manjano mpaka nyayo na tumbo likamvimba, na madaktari hapa Johannesburg wakasema asipopata ini jingine hatakaa nasi. Damu yangu haikuoana na yake, mume wangu Bhekani alipopimwa wakamwambia ini lake lenyewe limejaa mafuta kwa sababu ya bia, ndipo dada yake, wifi yangu Hlengiwe, ambaye hajaolewa wala hana mtoto, akasema basi nikateni mimi, wakamkata kipande wakampandikiza mwanangu, na mwanangu yuko hai. Hilo nalijua, MaShezi, na hata ningetaka kulisahau haipiti wiki bila kukumbushwa.

Watu wanadhani mtoto akitoka upasuaji akiwa hai basi mmeshinda, mnarudi nyumbani mnakula wali. Hakuna anayekuambia kwamba utageuka askari wa zamu ndani ya nyumba yako. Dawa ni asubuhi na jioni kwa saa ileile, kabla hajala, akitapika unabaki unajiuliza amemeza au hakumeza, siku ya kliniki tunatoka Katlehong giza halijaisha ili akatolewe damu, hakuna kanisa, hakuna chekechea, hakuna maziwa mgando ya nyumbani, na mgeni akipiga chafya namtoa nje hata kama ni mchungaji. Kazi yangu ya kushona sare za shule niliiacha. Majirani wakimwona mashavu yamejaa wananisifu, "Mama Lwandle, mtoto kanona jamani, unamlisha nini?" nami nacheka nao, maana nikiwaambia ule ni uvimbe wa dawa wataanza kumwonea huruma mbele yake.

Sasa wifi. Kila Jumamosi anakuja, na hapigi hodi. Anamfunua mtoto shati, anaweka kiganja juu ya kovu, anauliza, "Ini langu linaendeleaje leo?" Mtoto anacheka, "Halijambo, shangazi!" Ndipo anamsalimia mtoto, na mimi mwishoni kabisa kama salamu zimebaki. Kisha anafunua sufuria zangu, ananiita kwa jina la ukoo wa baba yangu. "MaNgubane, chumvi yote hii unamwekea nani? Ini langu hilo, si la kuchezea." Juzi nesi alimtania Lwandle, mama yako yuko wapi, akajibu kwamba yeye ana mama wawili, mama wa ini na mama wa dawa. Nesi alicheka sana. Mimi niliingia chooni nikalia, kwa sababu mama wa dawa ndiye yule anayembana pua ili ameze kitu kichungu.

Krismasi mama mkwe akasema mtoto alikuwa ameshaanza kwenda akarudi, lazima wazee waliolala makaburini waambiwe amerudi. Daktari alikuwa ameshatuonya kuhusu ngozi mbichi, nyama isiyoiva na watu wengi. Nikamwambia Bhekani, akanijibu, "Mama ameshachagua mbuzi, mimi nitasemaje?" Tukaenda Msinga, kijijini kwao. Wakammwagia nyongo ya mbuzi mikononi na miguuni, wakamvisha isiphandla, ule ukanda wa ngozi mbichi ambao unakaa mkononi mpaka ukauke na ukatike wenyewe. Hlengiwe alikuwa jikoni akiosha utumbo wa mbuzi, anajishika ubavu kila nikipita, nadhani ili nione.

Tuliporudi ukanda ulianza kunuka, ngozi chini yake ikawa nyekundu, ikatoa usaha, na homa ikapanda. Nilichukua mkasi wangu wa kushonea nikaukata, nikakimbia naye hospitali akalazwa. Homa ilitangulia, mkasi ukafuata, naapa. Lakini kwao mume wangu wanasimulia kinyume, mkasi kwanza na homa baadaye. Mama mkwe alipiga simu: "Umemkata mtoto kutoka kwa wazee wake, makoti. Bibi harusi gani anakuja na mkasi?" Na Hlengiwe alinikuta kwenye korido ya wodi, mbele ya wazazi wengine, hakupaza hata sauti. "Kama unajua kukata, kata na hili pia. Nirudishie ini langu."

Bhekani alikuwa amesimama pale pale. Alikuwa anatazama simu yake.

Lwandle ametoka wodini anaendelea vizuri, na sasa wakwe wameandaa mbuzi mwingine wa kuomba radhi, mwisho wa mwezi huu, yeye awepo na avishwe ukanda mpya, na wamesema nikikataa mtoto atahamia kwa Hlengiwe, kwa sababu ndiye aliyethubutu kumtolea kitu. Nawaza kumchukua mwanangu nikimbilie kwa mama yangu Ladysmith. MaShezi, namchukia mtu aliyempa mwanangu uhai. Mtoto akicheka nafikiria kwamba kicheko kile nacho ni hisani ya wifi, na nashindwa kukifurahia. Nifanye nini?

Mama wa Dawa, Katlehong

MaShezi anajibu:

Mama wa Dawa, pole sana. Sasa kaa vizuri, maana pole imeisha.

Kwanza, mkasi. Ulifanya sawasawa. Ningekuwepo ningekushikia mkono wa mtoto ukate vizuri. Dawa anazomeza zinaulaza mwili wake usipigane na ini la mgeni, na mwili uliolala haupigani na uchafu wa ngozi mbichi pia. Kwa hiyo mwisho wa mwezi mtoto haendi Msinga, na havishwi ukanda na mtu yeyote, hata akija babu mwenyewe kutoka kaburini. Hilo halijadiliwi.

Na Ladysmith usiende. Utakimbia na mtoto, sawa, na kliniki nayo utaibeba mgongoni? Anayempima damu yuko Johannesburg. Ukimkosesha dawa kwa sababu ya hasira zako, utakuwa umefanya kazi ileile ambayo mbuzi alishindwa kuimaliza. Wakwe zako watasimulia hadithi hiyo miaka yote, na safari hiyo watakuwa wanasema kweli.

Mumeo ana ulimi? Nauliza kwa sababu katika barua nzima amesema sentensi moja, nayo ya kujitoa. Nyumba ya Msinga ni kwao. Maneno ya kumkatalia mama yake ni yake, si ya makoti, na wewe umemzoesha kujificha nyuma ya gauni lako halafu unashangaa mishale inakupata wewe. Mwambie leo: ataenda Msinga, atakaa mbele ya mama yake, atasema kwa mdomo wake kwamba daktari alionya, kwamba yeye alijua, na kwamba homa ilitangulia. Kama ini lake halikufaa, tuone kama moyo unafaa.

Sasa tufike pale usipopapenda. Nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu, sikukiona. Kovu la Lwandle lipo. Mkono wa Lwandle upo, mashavu yapo, hata nesi anayecheka yupo. Kovu la Hlengiwe liko wapi? Mwanamke mzima, hana ugonjwa wowote, alilala juu ya meza akapasuliwa tumbo kwa ajili ya mtoto wako, na maumivu yake umeyaona mara moja tu, jikoni, akijishika ubavu. Ukaona anajionyesha. Mwenzangu, labda panauma.

Wewe unaijua mila kuliko unavyojifanya. Mtu akienda mahali ambako angeweza kufa akarudi, anachinjiwa, anavishwa, wazee wanaambiwa amerudi. Lwandle alichinjiwa. Na Hlengiwe je? Alirudi kutoka meza ileile, siku ileile, akapewa beseni la utumbo aoshe. Hakuna aliyemchinjia hata kuku. Mama yake hakukumbuka, kaka yake hakukumbuka, na wewe uliyefaidika kuliko wote hukukumbuka. Unashangaa anakuja kila Jumamosi kulisalimia ini? Ndicho kitu pekee kilichobaki cha kuonyesha kwamba na yeye alikuwepo.

Simtetei. Maneno aliyokuambia kwenye korido ni machafu, na anajua. Lakini nimeyasikia yote mawili, lako na lake, na naona wanawake wawili mnagombania mtoto mmoja huku mwanamume anatazama simu.

Kwa hiyo mbuzi achinjwe. Wasimrudishe zizini. Bhekani aseme mbele ya ukoo kwamba mbuzi huyu ni wa Hlengiwe, ukanda avishwe yeye, na wazee waambiwe jina lake. Wewe uende Msinga, mtoto umwache na mama yako, aje yeye Katlehong akae naye na ampe dawa kwa saa yake. Siku hiyo utumbo uoshe wewe. Siku ya kliniki inayofuata nenda na Hlengiwe, akae kitini kando yako, amsikie nesi kwa masikio yake kuhusu ngozi, maziwa na chumvi. Akijua sheria atakuwa askari mwenzako, na zamu zitapungua. Na akisema na yeye kwamba mtoto ahamie kwake, mjibu bila kelele: ini ulitoa, nashukuru mpaka kufa, mtoto nilizaa, na anabaki hapa.

Huenda hutampenda. Sikukuahidi hilo, na mwanao hahitaji umpende shangazi yake, anahitaji mlango usifungwe, kwa sababu siku ukiugua wewe, hakuna mtu mwingine duniani atakayelilinda ini lile kama yeye.

Jumamosi hii atakuja, na hatapiga hodi. Kabla hajamfunua mtoto shati, kabla hajauliza ini linaendeleaje, mwahi wewe. Mwambie, "Wifi, kidonda chako kinaendeleaje?" Kisha unyamaze usubiri jibu, hata kama itabidi mtoto akuulize kwa nini shangazi analia.