Hakuosha Hata Kikombe

Nafula,

Miaka yote nilikuita Mama Wekesa, kama Makongeni nzima. Leo nakuita jina ulilopewa na mama yako, kwa sababu jina la huyo kijana wako linanikwama kooni. Usinikasirikie. Au nikasirikie tu, mimi pia nimekukasirikia.

Tulikuzika kwenu Bungoma, mahindi yakianza kutoa mbelewele. Wekesa, ndani ya suti yake nyeusi, akashika maikrofoni, akakuita Mathe kama alivyozoea kumwita mama yake, akasema kwa fahari, "Tangu Mathe aingie nyumba yangu Membley, hakuosha hata kikombe." Watu wakapiga makofi. Makofi, Nafula! Nikatazama jeneza lako nikajiuliza kama unasikia.

Kwa maana mimi nilikujua ukiwa na miguu. Tulitoka pamoja alfajiri kwenda kiwanda cha nguo, wewe mbele, mimi nikihema nyuma, ukiniambia, "Harakisha, Mama Ayuma, ama unangoja kubebwa?" Jioni ukirudi unapalilia kile kishamba chako cha mboga ya mrenda. Hata baada ya kustaafu ulinipitia twende soko la mbali, eti ndizi za karibu hazina utamu.

Halafu Wekesa akaja kukuchukua ukaishi kwake. Kwa nia njema, najua. Kwetu magharibi, mtoto aliyefanikiwa humketisha mama yake. Mama akionekana barabarani na kikapu, watu huuliza kama alizaa kweli. Ulipanda mrenda kando ya ukuta wa Membley, akaung'oa akapanda nyasi. Ulitoka kutembea, askari wa geti akamwambia, naye akakusihi, "Mathe, usiniaibishe. Tulia tu, kazi yako iliisha." Nawe ukatulia! Nilipokutembelea nilikukuta kwenye kile kiti kikubwa cha ngozi, umenenepa, na kila mtu akiusifu unene huo. Wekesa mwenyewe jioni huwasha gari, aende jimu akakimbie juu ya mashine.

Na uvimbe ulipotokea kwenye titi, ulinyamaza. Hukutaka kumsumbua mtoto, mpaka saratani ikakuchukua.

Mwezi uliopita muuguzi alikuja kanisani kuongea na sisi akina mama. Akasema mwanamke ambaye hedhi imekoma, akitembea na kufanya kazi za mwili mara kwa mara, na asipoacha unene umzidi, hupunguza hatari ya saratani ya matiti. Nikasimama nikauliza kama aliyeketishwa aliuawa na kiti. Akanijibu polepole kwamba hakuna anayeweza kusema hivyo. Wapo wanaotembea na wanaugua, wapo wanaokaa na wanazeeka salama. Akasema tujipapase matiti, na tukihisi uvimbe twende hospitali mapema. Nilitamani aseme ndiyo, Nafula. Ningepata mtu wa kumchukia kwa haki. Sasa nina hasira isiyo na pa kutua, na inaniunguza mimi.

Na unajua? Ayuma wangu amejenga Gatongora. Jumapili alikuja na maneno yale yale, "Mum, hamia kwetu, wewe utakaa tu." Nilimfokea mpaka akalia, maskini, hata hakuelewa kosa lake. Nikamwambia nitahamia siku miguu yangu itakapokataa, si siku yeye atakapoikataza. Alipoondoka nililia mimi pia.

Kwaheri, rafiki yangu. Nakuahidi kesho nitaishika ile njia yetu ya kiwandani, na keshokutwa tena, nikitembea nyuma kidogo ili nikuachie nafasi yako ya mbele. Wekesa hunipigia simu. Ametuma ujumbe kwamba anataka kuniletea kile kiti, kiwe ukumbusho wako. Sijashika simu yake. Ni mtoto wako, na alikupenda, hilo ndilo linaloniuma zaidi. Siku nitakayoweza kuongea naye, nitakuita tena Mama Wekesa.

Leo bado.

Mama Ayuma